Mwaka Nyumba Yetu Ilipoacha Samli

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikianua nguo nyuma ya nyumba, hapa Malili ninakoishi sasa, jirani yangu alipoanza kuyeyusha samli. Sikumwona. Harufu tu ndiyo iliyoruka ua, ile harufu ya maziwa yaliyoungua kidogo, yenye utamu na uchachu kwa pamoja. Nikasimama na shuka mkononi. Najua watu wengi ambao harufu hiyo huwakumbusha harusi na sikukuu. Mimi hunirudisha kwenye chumba kimoja chenye dirisha lililofungwa, na huchukua muda kabla sijatoka humo.

Sisi wa rika langu tumefikia umri wa kupimwa presha kila tukienda hospitali, hata kama kilichotupeleka ni kidole kilichojikwaa. Tunaambiwa tupunguze mafuta na chumvi, tuache siagi, tuchemshe badala ya kukaanga. Wenzangu huitikia, halafu wakifika nyumbani hucheka na kutafuta sufuria. Mimi sicheki. Kwetu maneno hayo yaliingia nikiwa na miaka tisa, na nusura yatoke na watu wawili.

Tuliishi Tulia, upande wa Kitui, kwenye nyumba ya matofali ya vyumba vitatu, jiko likiwa nje. Kaka yangu alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa watatu, mimi na Mama na Baba. Hatua chache chini ya mteremko kulikuwa na nyumba ya Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba. Baba alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Kila wiki alikwenda soko la Zombe, akanunua mbuzi na kuwapakia kwenye lori kuwapelekea wachinjaji. Alikuwa mtu mnene, wa kicheko kilichomtangulia njiani, na mbwa wetu alikuwa akikisikia anaanza kutingisha mkia kabla sisi hatujasikia kitu.

Samli ilitoka huko Zombe. Baba alikuwa na rafiki yake wa sokoni aliyeitwa Adan, Mwislamu wa kutoka kaskazini mashariki, mwembamba, mpole, ambaye kila akija na mifugo yake alimletea Baba samli kwenye kopo la lita tano. Isitoshe, Mama mwenyewe alikuwa akitikisa maziwa ya ng'ombe wetu ndani ya kitete, yaani kibuyu, mpaka siagi ijitenge. Baba hakula kitu kikavu. Mama alikaanga vitunguu kwa samli mpaka vikawa na rangi ya udongo, akavimwaga juu ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na Baba akiletewa sahani aliongeza kijiko kingine. Mkate aliupaka siagi mpaka alipouuma meno yake yakaacha alama. Asubuhi za baridi alidondosha kipande kwenye chai, akakitazama kikizunguka na kuyeyuka.

Susu alipenda kukaa mbele yake akimtazama akila. Alikuwa amezika watoto wawili wachanga mwaka wa njaa, Baba ndiye aliyebaki. Machoni pa Susu, mtu mnene alikuwa mtu aliye mbali na kaburi.

Baba alianguka siku ya soko, katikati ya mbuzi. Adan ndiye aliyempakia kwenye lori lake na kumkimbiza hospitali mjini Kitui, akituma mtu atuletee habari. Mama aliondoka na leso aliyokuwa amejifunga jikoni. Mimi nilibaki na Susu siku tisa. Alikuwa akikoroga uji, anaacha mwiko katikati ya sufuria na kutazama barabara.

Walirudi mchana. Baba alitembea kutoka barabarani ameshika bega la Mama, akisimama kila baada ya hatua kadhaa kama mtu anayetazama shamba. Mama alikuwa na mfuko wa dawa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alimlaza Baba, akajifunga leso upya, akaingia jikoni. Alitoa kopo la samli. Akatoa siagi ya dukani, akatoa na yale mafuta meupe ya kukaangia, vyote akavipanga nje kwenye jiwe la kufulia. Kabla ya jua kuzama wanawake wa kanisa letu walikuwa wamevichukua kwenda kupikia kwenye mkutano wao. Kitete kilioshwa kwa maji moto na kutundikwa kwenye msumari, mdomo ukitazama chini.

Tangu siku hiyo kuna sauti iliyopotea nyumbani kwetu. Ni sauti ya vitunguu vikiangukia mafuta moto. Sikuwa nimejua kwamba ndiyo iliyokuwa ikiniambia saa imefika ya kuacha kucheza, mpaka nilipoanza kuchelewa chakula. Mama sasa alichemsha vitunguu kwenye maji, pamoja na nyanya, akafunika. Wiki za kwanza chakula kilikuwa na ladha ya mvuke. Baadaye alijifunza. Alitwanga karanga kidogo, kijiko kimoja tu, akazichanganya na kunde. Alipaka parachichi kwenye mkate badala ya siagi. Maziwa aliyaacha yatulie, akaengua malai yote ya juu na kumtupia mbwa.

Baba alikula nusu sahani, akashukuru, akaenda kulala. Mama alisubiri mlango wa chumba ufungwe, kisha akamalizia ile nusu iliyobaki akiwa amesimama, anatafuna polepole. Nilidhani ana njaa. Leo najua alikuwa anatafuta kilichokosekana.

Basi Baba akakonda na mbwa akanenepa, na Susu aliyaona yote mawili. Alianza kuja kila siku. Alikaa mbele ya Baba saa ya chakula kama zamani, lakini sasa hakumtazama mdomo, alimtazama mifupa ya shingo. Mama alikuwa ametupa amri moja, kwamba mbele ya Baba hakuna kuzungumza habari za ugonjwa, kwa sababu daktari alikataza asishtuliwe. Kwa hiyo watu wazima walikaa kimya sebuleni, halafu wakagombana nyuma ya jiko kwa sauti za chini, na sauti za chini za watu wazima ndizo mtoto huzisikia vizuri zaidi.

Siku moja nilikuwa nikipukuchua pojo upande wa pili wa ukuta. Susu alimwambia Mama kwamba katika nyumba hiyo mbwa anakula cha mwanawe.

"Mama Mwende, mwanangu unamkausha," alisema. "Mimi nilimlea kwa mafuta. Leo mnamlisha maji."

Mama hakukasirika. Nilisikia karatasi ikikunjuliwa. "Mama, daktari alinichorea hapa," alisema. "Mafuta imeganda ndani ya mishipa inayopeleka damu kwa moyo. Njia imebaki nyembamba kama tundu la sindano. Tukiongeza, itaziba, na moyo utasimama."

Susu alisema daktari huyo hakuwa amezaliwa mwaka wa njaa. Wakaendelea, lakini mimi sikusikia zaidi. Nilikuwa nimeshika neno moja, kuganda, na nililijua neno hilo. Nilikuwa nimeona supu ya mbuzi iliyobaki mpaka asubuhi, imefunikwa na utando mweupe mgumu unaoweza kuubonyeza kwa kidole. Nilijua pia Mama alichokuwa akiifanyia. Hakuitupa supu ile. Aliiweka kwenye moto, na baada ya muda mfupi utando ulilegea, ukawa maduara ya dhahabu yanayoelea, kisha hakuna kitu. Nikashangaa watu wazima wanahangaika na parachichi wakati dawa inajulikana. Kitu kilichoganda huyeyushwa.

Sikumwambia mtu. Kuzungumza kulikuwa kumekatazwa, na nilifikiri katazo hilo ni langu pia. Nilianza tu kufanya. Kila nilipomkuta Baba ana kikombe cha maji baridi, nilikichukua na kumletea ya moto. Nilimsogezea kiti kwenye jua na kumfungua vifungo viwili vya shati. Nilichovya kitambaa kwenye maji moto, nikakikamua na kumwekea kifuani. Baba aliniacha nifanye. Aliniita nesi wake. Alisema hata hospitali hakutunzwa hivyo, na mimi nilimtazama usoni nikitafuta kama maduara ya dhahabu yameanza.

Kisha Adan akaja kumwona mgonjwa. Alikaa na Baba saa nzima wakizungumza bei ya mbuzi, na alipoinuka alimkabidhi Mama kopo la samli, akasema ni ya kumrudishia ndugu yake nguvu. Mama aliipokea kwa mikono miwili, maana zawadi ya mtu aliyekuokolea mume hairudishwi. Adan alipoondoka, Mama alimpa Susu kopo lote akalitumie kwake, akamwomba asilivushe tena kuja kwenye nyumba hii. Susu aliitikia.

Siku mbili baadaye Susu aliniita kwake. Alitoa chupa ndogo chini ya leso, ile ya dawa ya kikohozi, imejaa samli hadi shingoni.

"Kijiko kimoja kwa uji wa baba yako, kila asubuhi," aliniambia. "Mama yako asione. Wewe ndiye unampenda, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Nilipanda mteremko na chupa ile chini ya sweta, na ilikuwa nzito kuliko mtungi wa maji. Mama alisema mafuta yatasimamisha moyo. Susu alisema bila mafuta atakufa. Wote wawili walikuwa wakinitazama mikono. Niliingia ghalani nikaificha chupa nyuma ya magunia, na kila asubuhi Susu aliponiuliza kwa macho, nilitikisa kichwa kwamba nimempa. Siku Baba alipotembea hadi langoni na kurudi bila kupumzika, Susu alinibana shavu kwa furaha. Nilijisikia mwizi, ingawa sikujua nimeiba nini, wala nimemwibia nani.

Mwezi wa saba ulileta baridi. Wanaojua Tulia wanajua baridi yake ya mwezi huo, ukungu unaokaa mpaka saa sita na manyunyu yasiyoamua kuwa mvua. Asubuhi moja Mama aliondoka kwenda Kitui kuchukua dawa. Alimwachia Susu atuangalie. Susu alikuja, akaona Baba amekunywa uji, akarudi kwake kuwalisha kuku. Baba alikuwa kitandani. Alisema leo baridi imemwingia hadi kifuani, anasikia pazito. Alisema hivyo kama mtu anavyosema juu ya hali ya hewa, akageukia ukutani.

Sijui kwa nini nilikwenda ghalani. Pengine nilitaka kujua kama chupa bado ipo. Niliitoa nyuma ya magunia, nikaiinamisha, na samli haikusogea. Nilipoificha ilikuwa laini, inateleza polepole. Sasa ilikuwa nyeupe na ngumu kama mshumaa. Niliigonga kwenye kiganja. Niliipindua juu chini na ikabaki pale pale, imeng'ang'ania kioo. Nikasikia baridi ya ghala ikinipanda miguuni, na nikaelewa kwamba hivi ndivyo ulivyo moyo wa Baba saa hii, huko ndani, chini ya blanketi, na njia iliyokuwa nyembamba kama tundu la sindano inafungwa wakati mimi nimesimama.

Nilikuwa nimesikia habari za jiko la makaa. Kila mtoto wa huko amesikia. Lakini nilivyosikia mimi, jiko huua watu waliolala usiku, na sasa ilikuwa mchana. Nilijaza jiko makaa, nikachukua kaa la moto kutoka kwenye meko, nikapepea mpaka yakawa mekundu. Nililibeba kwa matambara hadi chumbani na kuliweka karibu na kitanda. Nilifunga dirisha nikatia komeo. Nilifunga mlango, na kwa kuwa upepo ulipita chini yake, nikaziba kwa leso ya Mama. Kisha nikaiweka ile chupa kwenye kigoda kati ya jiko na Baba. Hiyo ndiyo ingenionyesha. Ikiyeyuka ya chupani, na ya ndani imeyeyuka.

Nikakaa sakafuni kuitazama.

Mwanzo hakuna kilichotokea. Baba alisema bila kugeuka kwamba kumekuwa na joto zuri. Halafu ukingoni mwa chupa, palipogusa kioo, nikaona mstari mwembamba wa dhahabu. Ulipanuka. Ule weupe katikati ulianza kuzama taratibu, ukipinda kama kipande cha sabuni, na harufu ikajaa chumba, ile ile ya maziwa yaliyoungua kidogo. Nilifurahi. Furaha yenyewe naikumbuka vizuri kuliko vyote vilivyofuata. Kichwa kilikuwa kinaniuma, lakini nilidhani ni kwa sababu ya kukodoa macho. Nikamwita Baba nimwambie ageuke, alale kwa mgongo ili joto limfikie kifuani. Hakujibu. Nikamwita tena. Nilitaka kuinuka nimguse bega, na miguu yangu haikuwa yangu.

Samli ilikuwa imeyeyuka yote sasa, angavu kabisa, naona moto wa jiko kupitia ndani yake. Nilijiambia nitalala kidogo tu, akiamka nitamwonyesha.

Kilichotuokoa ni kunde. Mama alikuwa amezianika uani asubuhi akitumaini jua, na manyunyu yalipoanza Susu aliziona kutoka kwake zikilowa. Aliniita nizianue. Aliita mara tatu, akaja mwenyewe akinilaani kwa uvivu. Aliona mlango wa chumba umefungwa mchana. Alisukuma, leso ikazuia, akasukuma kwa bega.

Mengine niliambiwa. Mimi alinitoa kwanza kwa kunishika mkono mmoja kama mbuzi, akanitupa kwenye nyasi zilizolowa. Akarudi. Akalipiga jiko teke hadi nje ya chumba, makaa yakatawanyika ukumbini, alama zake zilibaki kwenye saruji miaka yote. Kisha alimshika Baba kwapani akamvuta kutoka kitandani, akamburura sebuleni, akavuka kizingiti, mpaka kwenye manyunyu. Peke yake. Susu alikuwa mwanamke mfupi aliyekuwa akilalamika kwamba hawezi tena kubeba mtungi wa maji.

Ninachokumbuka mwenyewe ni kutapika, na uso wa Susu juu yangu, na yeye akinipiga mgongoni huku analitaja jina la Baba. Baba alikuwa amelala ubavu kwenye tope, mdomo wazi. Kwa muda mrefu mno hakufanya kitu. Kisha alikohoa. Susu alikaa chini pale pale alipokuwa, kwenye maji, kama mtu aliyekatwa kamba.

Mama alitukuta tumekaa ukutani chini ya paa, watatu tumejifunika blanketi moja. Aliyaona makaa. Alimtazama Baba kwanza, akamshika kichwa, akamsikiliza kifua, akanishika na mimi. Aliingia chumbani kufungua dirisha. Alipotoka alikuwa ameshika chupa.

"Hii mafuta ni ya nani?" aliuliza.

Hapo ndipo niliogopa kweli. Manyunyu yalikuwa yamekatika. Nilijua nikisema, Susu hatakanyaga tena nyumbani kwetu. Nikinyamaza, Mama ataamini kwamba Baba amekuwa akilishwa mafuta hayo siku zote.

"Ni yangu," Susu alisema. "Nilimpa mtoto ampatie. Si kosa lake."

Mama aliinamisha kichwa. Aliikaza chupa mkononi, nikadhani ataipasua.

"Sikumpa," nikasema. "Hata siku moja. Niliificha." Na baada ya hilo kutoka, yote yakatoka, supu ya mbuzi, na kitambaa cha moto, na chupa iliyokuwa ngumu ghalani, na jinsi nilivyotaka kumyeyusha Baba kabla njia haijazibika. Nilisema huku nikilia. Nilisubiri kipigo. Mama alikuwa hodari wa fimbo na nilijua nimestahili.

Baba ndiye aliyesogea. Alichukua mkono wangu akaupenyeza chini ya blanketi, chini ya shati, kifuani kwake.

"Kuna baridi hapo?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza.

Nikasema hapana, kuna joto.

"Hapo hapajawahi kuwa na baridi, Mwende. Hata siku ile nilianguka. Hayo mafuta hayakuganda kwa sababu ya baridi. Ni mimi nilikuwa nikiongeza, kila siku, kijiko juu ya kijiko. Moto hauyatoi."

"Sasa yatatoka aje?"

Aliwaza kidogo. "Labda hayatatoka," alisema. "Tutaacha tu kuongeza."

Nilikuwa nikisikia mapigo chini ya kiganja, hayana mpangilio mzuri, yanakimbia na kusita. Sikutoa mkono mpaka alipolala.

Mama alimgeukia Susu na kumwuliza kitu ambacho sikukitarajia. Alimwuliza alimtoaje ndani mtu mzima peke yake.

Susu alitazama viganja vyake. "Nilimshika kwapani nikamvuta," alisema. "Alikuwa mwepesi." Kisha akasema polepole zaidi, kana kwamba anajiambia mwenyewe. "Akiwa vile alikuwa zamani, singemtoa."

Wanawake wale wawili walitazamana, na Mama ndiye aliyetazama pembeni kwanza. Alikwenda akamwaga samli nyuma ya choo. Alipiga magoti akaanza kuokota kunde zilizolowa, na baada ya muda Susu akashuka akapiga magoti upande wa pili wa gunia.

Sikuchapwa. Nilijibiwa maswali, na hilo lilikuwa geni zaidi. Kuanzia wiki hiyo Mama alivunja amri yake. Alikunjua ile karatasi mezani, akanionyesha mchoro wa daktari, mirija miwili, mmoja mpana na mmoja mwembamba, na Baba akaongeza maneno yake, na nikauliza mpaka nikachoka. Nimewahi kufikiri kwamba laiti ningeonyeshwa mchoro huo siku ya kwanza, lakini simlaumu mtu. Walikuwa wananilinda. Nami nilikuwa nawalinda.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alirudi Zombe, akinunua mbuzi wachache kuliko zamani na kurudi mapema. Hakunenepa tena. Adan alipojua mambo yalivyo, aliacha kuleta samli akaanza kuleta tende. Siku ya harusi yangu Baba alinisindikiza kanisani kwa miguu yake mwenyewe, na suti yake ilikuwa ya mtu mwembamba.

Lakini siku ninayopenda kuikumbuka ni ya mwezi wa tisa mwaka ule ule, mchana. Susu alipanda mteremko ameshika bakuli lililofunikwa kwa sahani. Alikuwa amepika kunde kwake, kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze. Tangu siku ya jiko Mama alikuwa na tabia ya kuonja kila kitu kilichotoka nje kabla Baba hajakigusa. Hakusema anatafuta nini. Susu alijua. Aliweka bakuli mezani mbele ya Mama, akafunua, akasimama na mikono imekunjwa tumboni, akisubiri kupimwa na mke wa mwanawe.

Mama alichukua kijiko. Aliliangalia bakuli. Kisha akakiweka kijiko chini, akalisukuma bakuli zima mbele ya Baba, akaketi.

Baba alikula. Alitafuna kwa muda, akitazama dari, nasi watatu tukimtazama yeye. Akasema ni nzuri, ila labda ingekuwa na chumvi kidogo zaidi.

"Hapana," walisema Mama na Susu pamoja.